Sumaku zenye maumbo: Pesa iko kwa dizaini, hasara iko kwa kisu

KAZI yangu ya kwanza ya maana ilikuwa mitungi 100 ya gesi. Mitungi midogo, ya urefu wa sentimita 6, ya kubandikwa mlangoni.

Nilikuwa na miezi mitatu tu katika duka la mabango hapa River Road, Nairobi, nikikata stika na kufagia mabaki, wakati mama mmoja anayeuza gesi mtaani alipoingia na wazo lake. "Kijana wangu, nataka sumaku yenye umbo la mtungi, namba yangu iwe hapo katikati. Mtu akiishiwa na gesi ugali ukiwa motoni, asianze kutafuta namba kwa simu."

Wazo safi. Akalipa nusu, mdosi akaniambia, "Hii ni yako."

Niliharibu zote 100.

Kabla nikueleze vile niliharibu, elewa kwanza kitu tunachokata. Hii sumaku si kile chuma kizito cha ndani ya spika. Ni shiti laini linalokuja kama roli: unga wa feraiti, ambao asili yake ni oksidi ya chuma, umechanganywa na mpira au plastiki ukabanwa kuwa bapa. Nguvu yake imepangwa kwa mistari myembamba, ncha ya kaskazini ikifuatwa na ya kusini. Huamini? Chukua sumaku mbili za friji, zigusanishe migongo, kisha uvute moja polepole. Ukivuta upande mmoja inateleza, ukivuta upande mwingine inaruka-ruka kama matatu kwenye matuta. Hiyo ndiyo mistari yenyewe.

Unene pia una maana. Sumaku za kupeana huwa na unene wa milimita 0.3 hadi 0.5. Zile za kubandika kwenye mlango wa gari huanzia karibu milimita 0.75, kwa sababu upepo wa barabarani hauna huruma.

Pale dukani tunachapisha picha kwenye stika nyeupe, tunaifunika kwa plastiki angavu ya lamineti ili wino usichubuke, kisha tunaibandika juu ya shiti. Kuna wanaochapisha moja kwa moja kwenye sumaku, lakini shiti linaweza kung'ang'ania vyuma vya ndani ya printa, na hapo ni noma. Baadaye plota inasoma alama ndogo nyeusi zilizochapishwa pembeni ili ijue picha iko wapi, na kisu kinafuata mstari wa umbo. Shiti likiwa nene, kisu kinapita mara mbili au tatu. Ukilazimisha kikate mara moja, kingo zinararuka au kisu kinavunjika.

Makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza, nilichora mstari wa kukata juu kabisa ya ukingo wa picha. Kisu kikihama nusu milimita, na huwa kinahama, weupe wa stika unachungulia upande mmoja. Dawa yake ni rahisi: rangi ivuke mstari kwa milimita 2 au 3 kila upande.

La pili lilikuwa mkono wa mtungi. Niliuchora vile ulivyo, mwembamba na wenye tundu. Kwa skrini ulikuwa unapendeza. Nilipoanza kutoa vipande, mikono ikakatika kama biskuti.

Mama wa gesi alishika moja, akaigeuza, akaniangalia. "Kijana wangu, hii hata mimi siwezi kumpa mtu." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Mdosi alikata gharama ya mashiti kwenye mshahara wangu, akanipa siku mbili.

Safari hii nilianza na swali ambalo ningemuuliza mama siku ya kwanza: wateja wako watabandika wapi? Akacheka. Wengi wao hawana friji, akasema. Wanaishi kwa bedsita na singo rumu zenye milango ya chuma.

Jioni nilibeba vipande vitatu vya unene tofauti hadi kwa ploti ninakoishi, nikavibandika mlangoni, nikaufunga kwa nguvu mara kadhaa. Asubuhi kile cha milimita 0.3 kilikuwa sakafuni. Rangi ya mlango ina mabonde mabonde, na pengo dogo tu la hewa linatosha kumaliza nguvu ya sumaku nyembamba. Cha 0.5 kilikuwa palepale. Cha 0.75 pia, lakini hicho kingempandishia mama bei bure.

Nikachora upya. Mkono wa mtungi nikaujaza uwe mnene, tundu likabaki rangi tu. Kona zote nikazizungusha, kwa sababu ncha kali ndiyo huanza kuinuka. Nikakata moja, nikaikunja, nikaiangusha sakafuni. Iliponiridhisha ndipo nikakata zingine.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo vijana wengi huumia. Shiti la A4 ni sentimita 21 kwa 29.7. Umbo linaloenea ndani ya mraba wa sentimita 6, ukiacha nafasi ya kisu, zinaingia 12: tatu kwa upana, nne kwa urefu. Oda ya 100 inataka mashiti 9, yanayotoa 108. Zile 8 za ziada usizihesabu kama faida, hizo ni za kuharibika. Na hata umbo liwe jembamba namna gani, mteja analipia mraba mzima unaolizunguka. Mabaki hayo huwezi kumuuzia mtu mwingine.

Kama unataka kuingia kwa hii kazi, chunga pia mambo haya. Usiingize stika ya PVC kwenye mashine ya leza hata kama iko hapo karibu imelala. Ikiungua inatoa gesi yenye asidi inayoumiza mapafu na kula mashine. Mwambie mteja ajaribu sumaku yoyote mahali anapotaka kubandika kabla hajalipa, kwa sababu alumini, faiba na baadhi ya friji za chuma kisichoshika kutu hazishiki sumaku. Na akileta nembo ya klabu au ya kampuni kubwa, muulize ruhusa iko wapi. Alama za biashara hapa Kenya husajiliwa na KIPI, na mwenye alama anaweza kumfuata aliyechapisha pia.

Mama alichukua mitungi yake 100 na kulipa nusu iliyobaki. Hakunisifu, alihesabu tu moja moja hadi mwisho.

Mwezi uliofuata alirudi na jirani yake anayeuza maji. Huyo alitaka umbo la mtungi wa lita 20, ule wa manjano, na mkono wake wenye tundu.

Sikugusa kompyuta. Nilimuuliza kwanza, "Mama, milango ya wateja wako ni ya nini?"