Je, Wajua? Wawindaji wa Miswada ya Barabara

Katika jimbo la California, Marekani, wapo watu wanaosoma miswada ya barabara kuu kwa raha zao, bila kulipwa hata senti. Kila barabara ya jimbo imeelezwa katika sheria yenyewe: inaanzia wapi, inaishia wapi. Kwa barabara nyingi, ongeza 300 kwenye namba ya barabara na utapata kifungu chake. Barabara ya 1, ile ya pwani, ni kifungu cha 301. Ya 99 ni cha 399. Mpangilio huu ulikuja na upangaji mpya wa namba wa mwaka 1964.

Kwa hiyo, jimbo likitaka kuukabidhi mji kipande cha barabara, Bunge hulazimika kugusa kifungu hicho. Hapo ndipo wawindaji huinamia maandishi, wakilinganisha maneno mapya na ya zamani. Mwaka 2019 walipata windo nono: sheria iliyozuia barabara ya 710 kukamilishwa kwa njia ya kasi au handaki kupitia South Pasadena, baada ya mvutano wa miongo kadhaa.

Maazimio ya Bunge ya kuvipa vipande vya barabara majina ya marehemu ni mepesi zaidi, maana hayahitaji saini ya gavana. Ila gharama ya vibao hailipwi na hazina ya jimbo. Wanaoitaka heshima hiyo huchanga wenyewe. Utaratibu wa busara, kwa maoni yangu.