Chatini ya Ukwaju: Kitoweo Kidogo, Amana Kubwa

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili nataka tuzungumze, mama zangu na dada zangu, juu ya kitu ambacho wengi hukiona ni cha pembeni, nacho ni chatini. Bajia, katlesi na viazi vya karai huandaliwa kwa jasho, lakini bakuli dogo lililo kando ndilo humfanya mlaji arudi kesho. Na bakuli hilohilo ndilo lililo jepesi kutiwa hila.

Mazungumzo haya yamezaliwa Kisumu Ndogo. Msomaji wangu wa Malindi asidhani ni Kisumu Ndogo ya kwao. Hii ni ya Kibera, Nairobi, jirani na Makina, mtaa wa Wanubi ambao wameshika Uislamu na kuswali jamaa mahali hapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Huko yuko mama mmoja, mjane mwenye watoto, ambaye baada ya Alasiri huweka meza yake na kuuza sambusa. Ameniomba nisimtaje jina, nami nimemtii.

Mafuta ya kupikia yalipopanda bei mwaka 2022, karai lake lilianza kumla faida. Akafanya jambo la busara: nyama ileile ya kusaga, kitunguu kilekile na dania ileile akavifunga katika unga laini, kisha akavipika kwa mvuke badala ya kuvizamisha katika mafuta. Watu wa China na Nepal wamekula vyakula vya namna hii tangu zamani. Wateja wake wao huviita sambusa za mvuke. Wazee waliokatazwa vya kukaanga na daktari walifurahi.

Ila palikuwa na kasoro. Sambusa ya karai ina ukavu na harufu ya kukaangika. Ya mvuke ni laini, nyeupe, na ladha yake ni ya upole. Bila kitoweo kikali huonekana kama chakula cha mgonjwa. Basi biashara yote ikasimama juu ya chatini.

Hapo ndipo ushauri wa watu ulipoanza. Mmoja alimwambia anunue sosi ya soya ya chupa. Mwingine akamwambia achukue nyanya ya kopo, aizimue kwa maji ya mtungi, atie rangi nyekundu na siki kidogo. Chupa moja itazaa nne, na mlaji wa njiani haulizi. Aliponieleza haya alisema, "Sheikh, mimi nawalisha watoto wa wenzangu. Nikiwalisha maji machafu, wangu nitawalisha nini?"

Maneno yake yanatukumbusha kisa alichokipokea Abu Huraira (R.A.), kilichomo katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu ili watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hana nafasi pamoja naye. Tazameni, rundo lile halikuwa na sumu. Lilikuwa na maji tu, yaliyofichwa chini. Na chatini iliyozimuliwa nayo ni maji yaliyofichwa chini ya rangi.

Tena maji yenyewe ni jambo la afya. Kibera watu wengi hununua maji kwa mtungi, na mabomba mengi hupita kando ya mitaro. Likitoboka moja, uchafu huingia. Nyama ya sambusa hupikwa, vijidudu vyake hufa. Chatini haipikwi tena baada ya kuwekwa mezani. Uchachu wake hupunguza kasi ya vijidudu, lakini hauwaui wote. Kwa hiyo anayezimua chatini kwa maji yasiyochemshwa huweza kumpa mtoto ugonjwa wa kuhara kwa kijiko kimoja, hata kama sambusa yenyewe ni safi kabisa.

Ama sosi ya soya, hiyo hupatikana kwa kuchachusha, na baadhi ya viwanda huongeza alkoholi ili isiharibike. Anayeinunua na asome kibandiko. Siki haina lawama katika asili yake, Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo chema, kama alivyopokea Jabir (R.A.). Lakini sisi wa pwani tuna tunda lisilotuhitaji kusoma kibandiko. Waarabu waliliita tende ya India, kwa kuwa liliwafikia kutoka huko, ilhali asili ya mkwaju ni hapahapa Afrika. Ukwaju umejaa pwani yetu na Ukambani, na masoko ya Nairobi hayaukosi.

Basi hii ndiyo chatini ya mama yule. Chukua ukwaju gramu 100, kiasi cha ngumi ndogo. Mimina juu yake vikombe viwili vya maji yaliyochemka kikwelikweli, ufunike kwa dakika 20. Osha mikono kwa sabuni, ukamue, kisha uchuje kokwa na nyuzi. Tia katika sufuria ya stili au ya udongo. Usitumie ya aluminiamu, maana uchachu huila na ladha hugeuka. Ongeza sukari guru vijiko vitatu vya mezani, chumvi nusu kijiko cha chai, jira iliyokaangwa kavu na kusagwa nusu kijiko cha chai, tangawizi iliyopondwa kiasi cha ncha ya kidole gumba, punje mbili za kitunguu saumu, na pilipili moja mbichi au zaidi kwa anayestahimili. Chemsha kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15, ukikoroga, mpaka rojo lishike mgongo wa kijiko. Onja. Ukali, utamu na uchachu visikilizane, pasiwe na kimoja kinachopiga kelele. Ikipoa, tia dania iliyokatwa ndogo ndogo, iliyooshwa kwa maji safi.

Ikiwa nzito kupita kiasi, ilegeze kwa maji yaliyochemshwa, kabla haijatoka motoni. Ihifadhi katika chupa ya kioo iliyochemshwa. Mwenye friji huweza kukaa nayo siku nne au tano akiiweka baridi. Asiye nayo apike ya siku hiyohiyo, na dania aitie kidogo kidogo anapouza. Usiongeze mpya juu ya mabaki ya jana. Kila mteja apewe kijiko chake katika kibakuli, asichovye aliyekwisha kuuma.

Mtu atasema, "Sheikh, hayo ni gharama." Ni kweli. Mama yule hupata faida ndogo kuliko angepata kwa chupa moja kuzaa nne, na yapo majioni sambusa zake hubaki kwa sababu jirani anauza kwa bei ya chini. Sikumwahidi kwamba atatajirika. Nilimwambia kwamba rizki iko mkononi mwa Mola, na kwamba baraka haipimwi kwa wingi wa sarafu za jioni moja.

Nanyi mnaonunua, mna sehemu yenu. Muuzaji mwaminifu hafi kwa hila ya mwenzake peke yake. Hufa pia kwa mnunuzi anayetafuta bei ya chini bila kuuliza imeshuka kwa nini. Mkimkuta mama anayechemsha maji yake, mlipeni haki yake, wala msimbane kwa shilingi tano. Watoto wenu ndio wanaokula mezani pake.

Mwenyezi Mungu atujaalie vya halali vilivyo vizuri, na aitie baraka mikono ya mama zetu. Wabillahi tawfiq.