Moto na Mafiga Yake: Kwa Nini Seli ya Mwili Ina Vyumba

Kila mama ajua ya kuwa moto ni rafiki, tena ni adui. Ukikaa kati ya mafiga, chakula huiva na watoto hula wakashiba. Ukitoka mafigani na kushika nyasi za paa, nyumba yateketea. Moto ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pake tu. Jambo hilo la jikoni latufumbulia siri iliyomo ndani ya miili yetu, nalo lawahusu hasa baba na vijana wavunjao mawe.

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo sana zenye uhai. Ukizipanga seli za ini kadiri ya 40 katika mstari mmoja, urefu wake ni kama milimeta moja tu. Walakini seli si tone la ute mtupu. Ni nyumba yenye vyumba, na vyumba vingi vimezungushiwa utando mwembamba. Katika kiini hutunzwa maagizo ya urithi tuliyopokea kwa wazazi wetu. Katika mitokondria chakula huunguzwa polepole ili mwili upate nguvu. Wataalamu huviita vyumba hivyo oganeli.

Kwa nini vyumba? Kwa sababu kazi za seli hupingana. Katika seli moja kuna mafuta yanayojengwa na mafuta yanayovunjwa. Kama wajenzi na wabomoaji wangeshika ukuta mmoja, jua lingekuchwa bila kazi kuonekana. Basi mafuta hujengwa katika ute wa seli, na sehemu kubwa huvunjwa ndani ya mitokondria, kila kazi mahali pake.

Ini lililowekwa katika baridi

Chumba kimoja cha ajabu kilivumbuliwa na Profesa Christian de Duve, Mbelgiji, katika Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1949 yeye na wenzake walikuwa wakichunguza maini ya panya, wakitaka kujua jinsi insulini ifanyavyo kazi. Walisaga ini taratibu, kisha wakalizungusha katika mashine yenye kasi kubwa ili sehemu nzito zitengane na nyepesi. Njia hiyo ilikuwa imetengenezwa na Mbelgiji mwingine, Albert Claude, alipokuwa New York.

Walipopima kimeng'enya kimoja, yaani kitu kiharakishacho kazi za seli, walistaajabu: nguvu yake ilikuwa ndogo mno kuliko walivyotazamia. Wakaiweka dawa ile katika friji. Siku chache baadaye wakapima tena, na tazama, nguvu ilikuwa imeongezeka sana! Kimeng'enya hakikupotea, kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko vidogo, na utando wa vifuko hivyo ulipochakaa kikatoka nje.

Mwaka 1955 de Duve aliviita vifuko hivyo lisosomu. Ndani yake mna vimeng'enya vya namna nyingi vinavyoweza kuyeyusha karibu kila kitu ambacho seli imejengwa nacho. Ukali wa asidi ndani yake wapita ule wa ute wa nje mara mia na zaidi. Hapo ndipo seli isagapo viungo vyake vilivyochakaa, na seli za ulinzi huyeyusha humo vijidudu zilivyovimeza. Hayo ndiyo mafiga ya seli. Tena hata kama utando watoboka kidogo, vimeng'enya vichache vitokavyo hulegea, kwa kuwa nje hakuna asidi ya kuvitosha. Mwaka 1974 de Duve, Claude na George Palade walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya uganga.

Vumbi lipasualo ukuta

Sasa fikirini mchimbaji wa Kolwezi au Likasi atoboaye mwamba mkavu. Mawe mengi yana silika, na vumbi lake jembamba, lisiloonekana kwa macho, hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Seli za ulinzi hulimeza, kama zimezavyo vijidudu, na kulitia katika lisosomu. Lakini jiwe haliyeyuki. Chembe zake huuharibu utando wa chumba, na vilivyomo humwagika ndani ya seli. Seli yafa, vumbi latoka, na seli nyingine yalimeza tena. Hivyo maangamizi huendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Pafu hujaa makovu magumu, pumzi hukatika, na kifua kikuu hupata njia rahisi. Ugonjwa huo huitwa silikosi. Dawa ya kuyaondoa makovu yale haijapatikana.

Basi kinga ndiyo njia iliyo bora. Mwamba na ulowanishwe kwa maji kabla ya kutobolewa na wakati wa kutobolewa, ili vumbi lisiruke. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi jembamba. Yafaa barakoa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba walalamo watoto, bali ziloweshwe na kufuliwa. Naye mwenye kukohoa majuma mawili na zaidi asijidanganye kwa kusema ni mafua tu: aende kupimwa, na amweleze mganga kazi aifanyayo.

Utando wa lisosomu ni mwembamba kupita unyuzi wa buibui, hata hivyo huulinda uhai wa seli nzima. Mama hauchukii moto kwa kuwa waweza kuunguza. Huuwekea mafiga, akalinda mafiga yasianguke. Nasi tuyalinde mafiga yaliyomo vifuani mwetu.