Mbu Mgeni Mpakani: Namna ya Kumtambua Mdudu Asiyejulikana

Aonaye vidudu vidogo vikichezacheza ndani ya pipa la maji mjini Mandera huambiwa kwamba hayo ni mayai ya mbu au ni viluwiluwi tu. Majibu hayo hayatoshi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mbu mgeni aitwaye Anopheles stephensi anavyotambuliwa, na kwa nini utambuzi huo unawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili.

Mbu huyu asili yake ni Asia ya Kusini na Bara Arabu. Barani Afrika aligunduliwa Jibuti mwaka 2012, kisha Ethiopia mwaka 2016 na Somalia mwaka 2019. Mnamo Desemba 2022 watafiti walimkusanya Laisamis na Saku, katika Kaunti ya Marsabit. Mandera imepakana na Ethiopia na Somalia. Hivyo basi, mgeni huyu tayari ni jirani.

Utambuzi wake hupitia hatua tatu. Ya kwanza ni mazalio. Mbu wa malaria tuliowazoea hupenda madimbwi ya mvua, ilhali stephensi huzaliana pia katika matangi, mapipa na visima vya kuhifadhia maji. Katika nchi kame maji huhifadhiwa kwa lazima. Kwa hiyo mbu huyu hupata makao hata wakati wa kiangazi.

Hatua ya pili ni umbo. Kiluwiluwi wa jenasi ya Anopheles hulala sambamba na uso wa maji kwa kuwa hana mrija wa kupumulia. Wale wa Aedes na Culex huning'inia kichwa chini. Mbu mpevu wa Anopheles naye anapotua huinua sehemu ya nyuma ya mwili. Hata hivyo, dalili hizi hutujulisha jenasi tu, wala si spishi. Ili kumtenga stephensi na jamaa zake, mtaalamu hutumia hadubini kuchunguza mabaka na vidoa vilivyo kwenye mabawa, miguu na viungo vya mdomo.

Ya tatu ni vinasaba. Vidoa hupukutika mdudu anaposhikwa, na spishi nyingine hufanana mno. Ndiyo maana maabara husoma DNA kabla ya kutoa kauli ya mwisho.

Je, kuna hasara gani kukosea? Mwaka 2016 Mandera ilikumbwa na mlipuko wa chikungunya, ugonjwa unaoenezwa na mbu wa Aedes aumaye mchana. Mbu huyo pia huzaliana katika vyombo vya maji vya nyumbani. Pipa moja lisilofunikwa laweza kuwalea wote wawili: mmoja mwenye chikungunya, mwingine mwenye malaria. Chandarua pekee hakimzuii aumaye mchana, wala stephensi aumaye jioni watu wangali nje. Kulifunika pipa huwazuia wote.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno "kiluwiluwi" hutumika kwa mtoto wa chura na kwa mtoto wa mbu pia. Mwananchi anayeamini kwamba pipa lake lina watoto wa chura hana sababu ya kulifunika. Ni wajibu wetu, basi, kuandika maelezo yanayotenganisha yai, kiluwiluwi na mbu mpevu, ili atazamaye pipa lake ajue anachokiona na hatua ya kuchukua.