Mdomo Majanini, Sikio Nyuma

Ukiingia Hifadhi ya Taifa Arusha kwa geti la Ngongongare, muda si mrefu unafika Serengeti Ndogo, uwanda wa majani chini ya Mlima Meru ambako pundamilia, nyati, ngiri na twiga huonekana wakila pamoja. Wageni hukimbilia kupiga picha za mistari. Mimi ningewashauri watazame masikio. Pundamilia ameinama, meno yanakata majani, sikio moja limeelekea mbele na jingine limegeukia nyuma, kila moja na kazi yake. Chui na fisi wako jirani, msituni.

Ulinzi una gharama. Anayeinua kichwa hali, na asiyekiinua huenda akaliwa yeye. Mtafiti Brian Bertram aliwachunguza mbuni wa Tsavo Magharibi, Kenya, na mwaka 1980 akachapisha alichokiona: mbuni aliye peke yake huinua kichwa mara nyingi kuliko aliye kundini. Kundini kila mmoja anapata muda zaidi wa kula, na bado muda ambao angalau shingo moja iko juu haupungui ule wa mbuni aliye peke yake. Wala hawapangiani zamu. Simba anayenyemelea anabaki kubahatisha, maana hajui kichwa kipi kitainuka, wala lini.

Bata wamefika mbali zaidi. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa bata anayelala pembeni mwa kundi huacha wazi jicho la upande wa nje. Nusu moja ya ubongo inalala, nyingine iko macho. (Walinzi wetu wa usiku wangeutamani ujuzi huo.)

Lakini wanaonishangaza kuliko wote ni tembo wa Amboseli, Kenya, ng'ambo tu ya mpaka. Mwaka 2014 mtafiti Karen McComb na wenzake walieleza jinsi walivyowasikilizisha sauti zilizorekodiwa za Wamaasai na Wakamba, kila mmoja akisema kwa lugha yake kwamba kundi la tembo linakuja. Wakisikia mwanamume wa Kimaasai, tembo walisogeleana, wakanusa hewa, wakaondoka. Wamaasai hugombea nao maji na malisho, na mara nyingine mkuki hurushwa. Mwanamume wa Kikamba hakuwatisha kiasi hicho. Hata mwanamke wa Kimaasai, au mtoto wa kiume, mara nyingi alisema maneno yaleyale wao wakabaki walipo.