Chikungunya: Herufi Moja na Mbu wa Pili

Tunapofundisha fonimu huwaonyesha wanafunzi jozi kama pata na paka: sauti moja ikibadilika, maana nayo hubadilika. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa virusi navyo vina jozi za namna hiyo.

Chikungunya ilitambuliwa katika mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 huko Newala, Tanganyika. Baadhi ya maandishi hudai kuwa jina hili ni la Kiswahili. Dai hilo si sahihi: ni la Kimakonde, kutokana na kitenzi chenye maana ya kujikunja, kwani maumivu ya viungo humwinamisha mgonjwa.

Mwaka 2004 ugonjwa ulizuka Lamu na Mombasa, na mwaka 2005 ukafika Komoro na kisiwa cha Réunion. Mbu aliyezoeleka kuueneza ni Aedes aegypti. Huko Réunion mbu huyo ni adimu. Aliyejaa ni Aedes albopictus. Hata hivyo, mwanzoni mwa 2006 wagonjwa waliongezeka ghafla, wakafikia takriban 266,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya wakazi.

Je, nini kilitokea? Virusi hivi hubeba jeni zake katika RNA yenye herufi zipatazo 11,800, na vinapojinakili hukosea mara kwa mara bila kusahihishwa. Katika sampuli za mwanzo, nafasi ya 226 ya protini iitwayo E1 ilikuwa na alanini. Katika sampuli nyingi za baadaye ilikuwa na valini. Tofauti hiyo hutokana na herufi moja tu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa virusi vyenye valini huingia kwa urahisi zaidi katika utumbo wa Aedes albopictus, na hivyo kuyafikia mapema matezi ya mate. Badiliko hilohilo lilizuka pia India, na mwaka 2007 likafika Italia.

Hapa Uganda tunao mfano mwingine. O'nyong'nyong, jina la Kiacholi, ulizuka mwaka 1959. Virusi vyake ni ndugu wa karibu wa chikungunya, lakini huenezwa na Anopheles, mbu wa malaria.

Haya yanatuhusu sisi wafasiri wa matangazo ya afya kwa namna mbili. Kwanza, tusiandike kuwa virusi "vilijigeuza ili" vimpate mbu mpya. Kiambishi -ji- pamoja na "ili" hudokeza nia, ilhali kosa lilitokea kwa bahati na mbu akalipa nafasi. Tuseme "viligeuka". Pili, "laleni ndani ya chandarua" ni ushauri unaofaa kwa malaria. Aedes huuma mchana na huzaliana katika mitungi, makopo na matairi yenye maji. Tangazo la chikungunya linalotaja chandarua cha usiku pekee, hata likiwa na sarufi safi, litamwacha msomaji hatarini.