Patasi Butu Itakumalizia Doh! Hivi Ndivyo Mafundi wa Ledhi Wananoa Ndio Mbao Itoke Laini

Kama umewahi kupitia Gikomba ama kwa wale mafundi wa fanicha wa Ngong Road, lazima umeona mashine inazungusha mti mpaka unakuwa mguu wa meza ama nguzo ya kitanda. Hiyo ni ledhi, na kazi yenyewe inaitwa kukereza. Ukimwangalia fundi unadhani ni rahisi. Zii!

Nilipoacha campo, anko alinichukua kwa karakana yake. Wiki ya tatu akanipea miguu minne ya stuli ya mteja, mti ya saiprasi. Nikasukuma patasi na nguvu zote. Ikatoka na manyoya kama kuku amenyeshewa. Nilipiga msasa siku mbili na mashimo hayakuisha. Mteja akakataa mzigo, anko akanunua mbao ingine na doh yake.

Hakunifokea. Alichukua patasi yangu, akaielekeza kwa taa, akaniuliza, "Kijana, unaona huo mstari unang'aa?" Niliuona. "Basi hapo ndipo imekufa."

Iko hivi: makali ni pale pande mbili za chuma zinakutana. Zikikutana fiti, hakuna nafasi ya kurudisha mwanga. Ukiona mstari mweupe, hapo juu kumekuwa bapa, na patasi haikati nyuzi za mti tena, inazing'oa. Dalili zingine ni vumbi kutoka badala ya maranda, ama wewe kusukuma mpaka jasho.

Sasa, unanoa aje?

1. Jua pembe yako
Patasi ya mfereji ya kuanzia mti ukiwa bado na kona inanolewa karibu digrii 45. Ile ya kukwangua iko juu, kama 70 hadi 80. Ukifanya makali kuwa membamba sana, yatakata vizuri lakini yatakufa mapema.

2. Tumia makapeni
Hii trick ni moto. Paka wino kwa ule mteremko wa patasi, grainda ikiwa imezimwa, halafu uzungushe jiwe na mkono. Wino ukitoka juu pekee karibu na makali, pembe yako imesimama sana. Ukitoka chini pekee, jiwe halifiki kwa makali. Ukitoka wote, uko rada.

3. Gusa, usikandamize
Washa grainda, weka patasi kwa kiegemeo na uiviringishe polepole. Kiegemeo kikae karibu na jiwe, kama milimita 3, ndio patasi isimezwe. Ukiona cheche zinaanza kupita juu ya makali, acha. Umefika. Na vaa miwani, msee, jicho halina spea.

4. Chunga moto
Vifaa vingi vya jua kali vimetengenezwa na springi za gari. Chuma hicho kikigeuka bluu, ugumu umeenda, na itabidi usage hiyo sehemu yote mpaka iishe. Kwa hivyo chovya kwa maji kila saa. Lakini kama patasi imeandikwa HSS, hiyo inavumilia joto. Usiitumbukize kwa maji ikiwa moto sana, inaweza kupata nyufa ndogo.

5. Tupa kuukuu iache
Kuna wasee hunoa tupa ya zamani wakaifanya patasi. Chuma ya tupa ni ngumu lakini haipindi, inavunjika. Ikikwama kwa mti unaozunguka, kipande kinaweza kurukia uso. Hiyo si kuokoa pesa, ni kucheza na maisha.

Kitu kingine, usingoje patasi ife kabisa. Anko hunoa tena kabla ya kupitisha ile mara ya mwisho, hata kama anaona bado inakata. Hiyo ya mwisho ndiyo mteja atapapasa na mkono.

Miguu ya pili niliikereza mwenyewe, na patasi iliyonolewa. Maranda yalitoka marefu kama utepe, na msasa nilipitisha kidogo tu. Kunoa kulinichukua dakika mbili. Ile ya kwanza ilinila siku mbili, na bado ikakataliwa.